Foo-wili Haifi Siku Moja

Ukisimama kando ya barabara kuu pale Issuna utaona magari ya foo-wili yakipita moja baada ya jingine: RAV4, Forester, X-Trail, Kluger, Escudo, Noah, na Land Cruiser za miradi. Mengi ni wapita njia, yanatoka Dodoma na Manyoni kwenda Ikungi na Singida mjini, na kwenye lami ile hayana haja ya kuvuta matairi yote manne. Mwenye haja ni mwenyeji: mkulima wa alizeti ambaye shamba lake liko mbali na barabara, muuguzi anayekwenda kwenye zahanati za ndani, mfanyabiashara wa kuku na nafaka anayeacha lami akaingia mchangani, kisha kwenye mbuga nyeusi, kisha kwenye korongo ambalo mwezi wa tisa ni kavu na mwezi wa pili lina maji ya magoti. Mvuto wa nyuma ndiyo sababu aliyonunulia gari lile, na ndiyo sababu anavumilia mafuta linayokunywa.

Ubaya ni kwamba mvuto huo ukifa, gari halikwambii. Matairi ya mbele yanaendelea kuvuta, unakwenda sokoni na kurudi, unamaliza kiangazi chote ukijua una foo-wili. Siku ya kwanza ya mvua kubwa unaingia kwenye utelezi, matairi ya mbele yanasaga tope na ya nyuma yametulia kimya. Hapo ndipo unagundua kwamba difu ilikauka oili zamani, au kwamba kapulingi iliungua tangu ulipobadilisha matairi mawili badala ya manne. Kutoka Issuna hadi Singida mjini ni zaidi ya kilomita 60, na fundi mwenye uzoefu wa difu hapatikani kila kona. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni yale ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe uani kwake, kwa jeki, spana chache, kamba na masikio yake.

Kwanza hakikisha kama kweli unayo foo-wili. Si utani. Magari mengi tuliyoagiza Japani yalitengenezwa kwa namna mbili, ya kuvuta tairi mbili na ya kuvuta nne, na kwa nje yanafanana kabisa. Soma herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chasi kwenye kadi ya gari au kwenye kibati kilichoko chini ya boneti. RAV4 ya kizazi cha pili ikiwa ACA20 au ACA21 inavuta nne. Ikiwa ZCA25 au ZCA26 inavuta za mbele tu. Noah ya AZR65 inavuta nne, AZR60 mbili. IST ya NCP65 ni nne, NCP60 ni mbili. Kluger ya ACU25 au MCU25 ni nne, zile za 20 ni mbili. X-Trail ya zamani ikianza na NT30 ni nne, ikianza na T30 peke yake ni mbili. Kama namba hazikupi jibu, lala chini uangalie nyuma: gari la foo-wili la aina hizi lina chuma kirefu cha propela kinachotoka mbele kwenda kwenye difu iliyoning'inia katikati ya matairi ya nyuma. Usipoona difu, basi ulichonacho ni gari refu la kawaida, na ushauri wote unaohusu mvuto wa nyuma haukuhusu.

Kisha jua ni foo-wili ya namna gani, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo Toyota wamekuwa wakizitengeneza tangu 1984, pamoja na Hilux nyingi, zina foo-wili ya kuingiza mwenyewe kwa mkono: gia ndogo ndani, na kwa baadhi yake habu za kuzungusha kwenye matairi ya mbele. Ukishaingiza, mbele na nyuma vinafungwa pamoja kama kitu kimoja. Usiendeshe hivyo kwenye lami kavu. Gari likikata kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mchangani tofauti hiyo inamezwa na utelezi, lakini kwenye lami hakuna pa kuitolea, inabaki ndani ya propela na transfa kama kamba inayosokotwa. Gia ikikwama na kukataa kutoka baada ya kosa hilo, usiipige. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, msokoto utafunguka na gia itatoka yenyewe. Na kinyume chake pia ni kosa: usiiache mwaka mzima bila kuiingiza. Kitabu cha Toyota kinashauri uendeshe ndani ya foo-wili angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike kwenye meno ya mbele. Njia ya vumbi ya kwenda shambani inatosha kwa kazi hiyo.

Subaru nyingi na RAV4 za mwanzo huvuta zote nne muda wote, zikiwa na difu ya katikati au klachi ndani ya giaboksi inayogawa nguvu. RAV4 za kuanzia 2005, Vanguard na X-Trail ni za aina ya tatu: zinavuta mbele, na kapulingi ya umeme iliyoko karibu na difu ya nyuma huunganisha nyuma pale tu kompyuta inapoona tairi la mbele linateleza. Hizi ndizo nyepesi kuua, kwa sababu mwenye gari haoni wala hasikii lolote kapulingi inapofanya kazi. Swichi ya LOCK kwenye RAV4 na Vanguard ni ya mwendo mdogo wa kwenye tope na mchanga. Ukizidi kilomita 40 kwa saa inajitoa yenyewe, kwa hiyo ukiikuta imezima baada ya kupanda lami usidhani imeharibika.

Sasa matairi, na hapa nitakaa kwa muda, maana kwa maoni yangu matairi yanaua foo-wili nyingi kuliko mchanga na maji vikijumlishwa. Desturi yetu ni kununua tairi moja moja kadiri pesa inavyopatikana. Kwa gari la kuvuta mbili desturi hiyo haina madhara makubwa. Kwa foo-wili ni hatari, na hesabu yake ni hii. Chukua tairi la 215/70R16, saizi ya RAV4 nyingi. Likiwa jipya, mzingo wake ni kama mita 2.22. Likilika milimita 4 tu, mzingo unashuka kama sentimita mbili na nusu. Tairi dogo lazima lizunguke mara nyingi zaidi kufika kule kule: kwa kila kilomita moja, kama mizunguko mitano ya ziada. Funga mawili mapya mbele, acha yaliyolika nyuma, endesha kutoka Issuna hadi Singida mjini, na ekseli ya nyuma itakuwa imezunguka zaidi ya mara 300 kuliko ya mbele kwenye barabara iliyonyooka. Tofauti hiyo yote inamezwa na kapulingi au difu ya katikati, kilomita kwa kilomita, kwa kusuguana na kuchemka. Kitu kilichotengenezwa kifanye kazi kwa sekunde chache kwenye utelezi kinafanya kazi safari nzima. Subaru wanaruhusu tofauti ya robo inchi tu ya mzingo kati ya tairi na tairi, yaani kama milimita sita.

Kupima si kazi. Hakikisha matairi yote yana upepo sawa, nyanyua gari upande mmoja mmoja, zungusha kamba isiyonyumbuka katikati ya kashata ya tairi, weka alama ya kalamu kamba inapokutana, kisha rudia kwa matatu yaliyobaki ukitumia kamba ile ile. Alama nne zikiangukia karibu mahali pamoja, uko salama. Moja ikikimbia kwa upana wa kidole, tairi hilo halilingani na mengine. Tumia nafasi hiyo hiyo kusoma tarakimu nne za tarehe zilizoko ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lina miaka kumi limeshakauka raba, na jua la Singida litalipasua.

Ikiwa pesa haitoshi manne, afadhali utafute manne ya mtumba yanayolingana kuliko kununua mawili mapya ya bei kubwa. Najua wauzaji watakwambia vinginevyo. Na ukishafunga manne, yahamishe mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike pamoja, maana ya mbele hulika upesi kwa kazi ya usukani. Spea yako nayo iwe ya saizi ile ile. Ukilazimika kufunga ile nyembamba ya dharura, nenda polepole hadi kwa mziba pancha wa kwanza na usiende mbali. Subaru za otomatiki za miaka ya nyuma zina tundu la fyuzi chini ya boneti lililoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi hapo mvuto wa nyuma unakatwa, na giaboksi inapumzika wakati umefunga tairi lisilolingana. Ukimaliza, kumbuka kuitoa.

Upepo nao una mtego wake. Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye gari la Japani huandika kPa, na vijana wetu wa pancha wanapima kwa psi. 220 kPa ni kama psi 32. 210 ni kama 30. Soma kibandiko cha gari lako, geuza, na umwambie kijana namba mwenyewe badala ya kumwachia ajaze anavyokadiria. Ukiingia mchanga mzito, shusha hadi kama psi 18 au 20 ili tairi litanuke chini, uende taratibu bila kukata kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla hujarudi kwenye lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari ni kifaa ambacho kila mwenye foo-wili wa huku anapaswa kuwa nacho.

Baada ya matairi ni oili, na sizungumzii oili ya injini ambayo kila mtu anaikumbuka. Foo-wili ina oili ya difu ya nyuma, oili ya transfa au ya difu ya mbele, na hidroliki ya giaboksi. Difu ya nyuma ya magari haya madogo hubeba chini ya lita moja. Lita moja tu, na kuna magari yaliyofika bandarini miaka kumi iliyopita ambayo hadi leo hayajabadilishiwa. Vitabu vingi vinataja kilomita 40,000 kwa matumizi ya kawaida. Kwa vumbi, mizigo na maji ya huku mimi nashauri nusu yake.

Ukiifanya mwenyewe, fuata mpango mmoja bila kuuvunja: fungua kwanza bolti ya juu, ile ya kujazia, ndipo ufungue ya chini ya kumwagia. Magari mengi ya foo-wili tunayoyapata yalitumika kwenye mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chini yake yana kutu. Ukimwaga oili kwanza halafu bolti ya kujazia ikagoma, unabaki na difu tupu na gari lisiloweza kwenda kwa fundi. Ipake bolti mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, isugue kwa brashi ya waya, kisha tumia kifaa kinachokaa sawasawa juu yake. Kwa Subaru nyingi bolti ya difu ya nyuma ina tundu la mraba linaloingia ncha ya racheti ya nusu inchi bila soketi. Gari liwe limesimama sawa, si kwenye mteremko, maana kipimo cha kujaza ni oili ianze kutiririka kwenye tundu la juu.

Kabla hujaitupa oili chafu, iangalie. Hapa gari linakusimulia habari zake. Ikiwa nyeusi lakini laini, ni uzee. Ikiwa na rangi ya maziwa au chai ya maziwa, maji yameingia. Ncha ya bolti ya kumwagia mara nyingi ina sumaku. Utando wa kijivu laini kama masizi juu yake ni kawaida, ni chuma kinacholika kidogo kidogo. Ukiupapasa kwa vidole ukakuta vipande vyenye ncha, hata kimoja kidogo kama kucha, meno au beringi zinavunjika na hiyo difu inahitaji kufunguliwa.

Aina ya oili ina maana. Difu zinataka oili ya gia ya daraja la GL-5, kwa kawaida 80W-90 au 75W-90. Usiimimine kwenye giaboksi ya mkono bila kusoma kitabu, kwa sababu dawa ya salfa iliyomo inaweza kula pete za shaba za baadhi ya giaboksi zinazotaka GL-4. Subaru za gia za mkono ni tofauti, giaboksi na difu ya mbele hutumia oili moja na Subaru wenyewe wanataja GL-5. Subaru za otomatiki za zamani nazo zina dipstiki tatu: ya injini, ya hidroliki, na ya difu ya mbele. Fundi asiyezijua anamwaga ya difu akidhani ni ya giaboksi, anajaza hidroliki juu ya hidroliki, na gari linaondoka likiwa na difu kavu. Simama naye. Mwonyeshe kwa heshima, mwambie, "Fundi, hii hapa ni ya difu." Na kama gari lako ni la giaboksi ya sivitii, hidroliki ya kawaida haifai hata tone, tafuta iliyoandikwa jina la giaboksi yako.

Chini ya gari kuna kitu kingine cha kuangaliwa kila mwezi, nacho ni mpira wa jointi. Kila draivshafti ina mpira wenye mikunjo kila mwisho, na ndani yake kuna grisi nyeusi. Geuza usukani hadi mwisho, inama nyuma ya tairi la mbele, fungua mikunjo kwa vidole. Nyufa ndogo ni onyo. Ukiona grisi imerukia ndani ya rimu na kwenye shokapu, mpira umepasuka na mchanga umeshaanza kuingia. Ukiuwahi ndani ya siku chache, jointi inasafishwa, inajazwa grisi mpya na kufungwa mpira mpya, na gharama yake ni ndogo. Ukisubiri hadi usikie ta-ta-ta-ta unapokata kona, jointi yenyewe imelika na ni ya kununua. Magugu na visiki vya mtama vinavyobaki shambani baada ya mavuno huchana mipira hii kuliko mawe, kwa hiyo ukitoka kubeba gunia shambani mwezi wa sita, chungulia.

Kuhusu sauti, jifunze kuzitofautisha. Mvumo unaopanda na mwendo, ukibadilika unapoyumbisha usukani kushoto na kulia, mara nyingi ni beringi ya tairi. Mvumo ambao haubadiliki kwa usukani lakini unaongezeka unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachia ni difu. Mtikisiko unaoanzia chini ya viti, hasa gari likianza kuondoka, ni beringi ya katikati ya propela au jointi zake. Land Cruiser zina nipo za grisi kwenye jointi hizo; bomba la grisi na dakika kumi kila baada ya safari ya maji zinaokoa propela nzima.

Kuna kipimo kimoja ambacho namwomba kila mwenye foo-wili ya kudumu akifanye, na anayetaka kununua ya mtu akifanye kabla hajatoa pesa. Tafuta sehemu kavu na ngumu, lami au sakafu ya saruji pana, kwa sababu mchangani hakionekani. Endesha kilomita kadhaa gari lipate moto. Kisha kunja usukani hadi mwisho, uachie breki, uliache lizunguke polepole bila kukanyaga mafuta. Linatakiwa lizunguke kwa wepesi. Likijibana kama mtu ameshika breki ya mkono, likaruka kwa vishindo, au likasimama kabisa, mbele na nyuma vimegandana: kwa Subaru ya otomatiki ni klachi ya nyuma au hidroliki iliyochoka, kwa RAV4 ya zamani ni kapulingi ya katikati. Pima matairi kwanza, kisha badilisha hidroliki, ndipo ufikirie kufungua giaboksi. Watu wengi wamefunguliwa giaboksi kwa ugonjwa wa tairi moja.

Kwa magari ya kapulingi ya umeme, taa ndizo zinazosema. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na ya foo-wili, usikimbilie difu. Kompyuta inajua tairi linateleza kwa kusoma vihisi vya ABS vilivyoko kwenye kila gurudumu. Kimoja kikikatika waya au kikifunikwa na tope gumu, inazima mvuto wa nyuma. Osha sehemu ya ndani ya kila gurudumu, fuata waya wake kwa mkono, angalia kama umekatika. Taa ya foo-wili ikimweka wakati umekwama, kapulingi imechemka kwa kusaga tope. Acha kukanyaga mafuta, liache gari lipoe, chimba mbele ya matairi, tandika matawi, ndipo ujaribu tena. Kuendelea kusaga ni kuichoma.

Upepo wa Singida ni mkali na hubeba vumbi laini sana, kwa hiyo filta ya hewa haingoji ratiba ya kitabu. Itoe, ielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga ukipenya, ibadilishe. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, la sivyo unalisukuma vumbi liingie zaidi. Rejeta nayo hujaa mbegu za nyasi na wadudu kati ya mapezi yake. Imwagie maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, gari likiwa limepoa, kwa nguvu ndogo ili mapezi yasilale.

Maji ya korongo yanahitaji tahadhari ya pekee. Difu iliyotoka kwenye mwendo mrefu ni ya moto, na ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili na kile kitundu cha kupumulia juu yake. Simama ukingoni, usubiri difu zipoe, na wakati huo mtu ashuke akapime kina kwa fimbo. Maji yakizidi nusu ya tairi, au yakiwa yanakwenda kasi, subiri yapungue. Makorongo ya huku yakijaa mchana mara nyingi yameshashuka kufikia jioni. Injini ikizima katikati ya maji usipige stata hata mara moja, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi na stata inaweza kupinda mkono wa pistoni. Na baada ya wiki ya kupita majini, fungua bolti ya kujazia ya difu uone rangi ya oili. Hilo ndilo jambo wenye magari wengi wa huku hawalifanyi, na linaniuma, kwa sababu difu iliyoingia maji mwezi wa pili hukutwa imekufa mwezi wa nane, na mwenyewe hajui ni kwa nini.

Unapofanya kazi hizi, jihadhari na jeki. Ardhi ya Issuna ni mchanga. Weka ubao mpana chini ya jeki, zuia matairi yaliyobaki kwa mawe, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, weka gogo nene au stendi. Muhimu kuliko yote, usiwashe injini na kuingiza gia gari la foo-wili likiwa na tairi moja au mawili hewani. Yaliyo chini yatavuta, gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Na likiharibika hadi livutwe, sheria ni manne chini au manne juu. Usikubali dereva wa lori la kuvuta magari anyanyue matairi ya mbele na kuburuza ya nyuma. Yale ya nyuma yatazungusha propela na kuchoma kapulingi njia nzima. Lipandishwe lote juu ya lori. Kama hakuna ila kamba, weka gia huru, funguo iwe imewashwa ili usukani usijifunge, nenda chini ya kilomita 30 kwa saa hadi mahali salama pa karibu tu, ukijua kwamba breki na usukani vitakuwa vizito injini ikiwa imezima.

Spea nyingi zitatoka Dar es Salaam, kutoka Kariakoo au Ilala, na kufika Issuna kwa basi. Usiagize kwa jina la gari. Tuma picha ya namba kamili ya chasi na picha ya kipuri cha zamani kikiwa kimewekwa kando ya rula, na kwa draivshafti hesabu meno ya ncha zote mbili kabla hujapiga simu, kwa sababu ya kushoto na ya kulia, ya gari lenye ABS na lisilo nayo, hutofautiana, na kuirudisha Dar ni nauli nyingine na wiki nyingine gari likiwa juu ya magogo.